IP ya statiki ofisini: anza na rauta na daftari, kompyuta iwe ya mwisho

Umeme ukikatika Moshi mjini ukarudi baada ya nusu saa kuna sinema moja inaanza karibu kila steshenari, wateja wamejipanga na flashi mkononi wanataka kuprinti CV, dada wa kaunta anabonyeza printi, kompyuta inasema printa iko oflaini na printa yenyewe iko pale pale mezani inawaka taa ya kijani kabisa. Anazima anawasha, anachomoa waya anarudisha, mwisho anaitwa fundi, fundi anaifuta printa kwenye kompyuta anaiweka upya, inaprinti, analipwa chake anaondoka. Wiki ijayo umeme unakatika tena na fundi anapigiwa tena.

Printa haina tatizo lolote hapo. Iko hivi, rauta nyingi za bei poa zikizimika zinasahau nani alikuwa na IP gani (namba ya mashine kwenye mtandao), sasa zikiwaka simu ya mtu ikawahi kuomba inapewa ile 192.168.1.103 iliyokuwa ya printa, printa nayo inapewa nyingine, na kompyuta zote bado zinapeleka kazi kwa 103, yaani kwenye simu ya mtu. Dawa yake ni kuipa printa IP isiyobadilika, ndo hiyo mafundi wanaita statiki. Ila wengi wanaifanya kinyumenyume, wanafungua kompyuta au menyu ya printa wanaandika namba yoyote inayowajia kichwani, leo inafanya kazi, kesho kutwa rauta inampa mtu mwingine namba ile ile na mnaanza kugombana upya. IP ya statiki inaanzia kwenye rauta na kwenye daftari, mashine unaigusa mwisho kabisa.

Kwanza ujue uko sabneti gani

Kwenye kompyuta yoyote ya Windows iliyounganishwa na inayopata intaneti vizuri fungua CMD (dirisha jeusi la kuandika amri) uandike:

ipconfig /all

Yatatoka maneno mengi, we tafuta vitu vinne tu, IPv4 yako (ndo hiyo IP), maski (inaonyesha mtaa wenu wa namba, yaani sabneti, unaishia wapi), getiwei (IP ya rauta, mlango wa kutokea nje) na DNS (anayegeuza majina ya saiti kuwa IP). Tuseme imekuja IP 192.168.10.37, maski 255.255.255.0, getiwei 192.168.10.1. Hiyo maski ya 255.255.255.0, ambayo pia inaandikwa /24, maana yake namba tatu za mwanzo (192.168.10) ndo mtaa wenu wote na namba ya mwisho ndo inayotofautisha mashine. Zipo 256, ya kwanza (.0) ni jina la sabneti yenyewe na ya mwisho (.255) ni ya kutangazia wote kwa pamoja, kwaiyo zinabaki 254 za kutumia na moja kati ya hizo tayari ni ya rauta.

IP ikianza na 169.254 acha kila kitu kwanza, hapo kompyuta haijapewa IP na mtu, imejipa yenyewe baada ya kuomba DHCP (mgawaji wa IP, kwa kawaida yumo ndani ya rauta) ikakosa jibu. Kagua waya, swichi (kile kiboksi cha kugawia waya za neti) na rauta ndo urudi.

Za ndani ya ofisi zinatakiwa zitoke kwenye mafungu matatu yaliyotengwa kwa matumizi ya ndani: 10.0.0.0 mpaka 10.255.255.255, 172.16.0.0 mpaka 172.31.255.255, na 192.168.0.0 mpaka 192.168.255.255. Usijitungie 200.200.200.1 kwa sababu inakaa vizuri mdomoni, hiyo ni namba ya mtu huko duniani na siku ukihitaji kufika kwake hutafika.

Ushauri wangu, kama ndo unaanza mtandao mpya, kimbia 192.168.0.x na 192.168.1.x. Rauta nyingi za dukani zinatoka kiwandani na hizo, kwaiyo siku mtu akichomeka kirauta chake kipya bila kukisetapu namba zinagongana, na siku bosi akitaka kuingia ofisini kwa VPN (njia ya faragha ya kuingia mtandao wa ofisi kupitia intaneti) akiwa nyumbani kwake Njiro atakuta nyumbani na ofisini ni sabneti moja na kompyuta yake haitajua ile 192.168.1.20 anayoitaka ni ya wapi. 192.168.10.x au 10.20.30.x inatosha kabisa kukutoa hapo.

Gawa namba kabla hujagusa mashine

Tuchukue ofisi ya tours pale Sakina, Arusha. Kuna kompyuta nane, laptopu za madereva wanaoongoza watalii zinazokuja na kuondoka, printa mbili, seva ndogo ya kuhifadhia picha na invoisi, kamera sita, akses pointi mbili (za kurusha waifai) na simu za kila anayeingia. Nani anahitaji statiki hapo? Jiulize swali moja tu, je kuna mashine nyingine inaitafuta hii kwa namba yake? Printa ndio, seva ndio, kamera ndio maana rekoda inazivuta kwa IP, akses pointi na swichi ya kusetiwa ndio maana we mwenyewe utataka kuingia. Kompyuta ya mhasibu hapana, labda iwe na foda au programu ambayo wengine wanaisoma kutoka kwake. Simu hapana kabisa. Kuna watu wanaweka statiki kila kitu wakidhani ndo usalama au ndo spidi inaongezeka, haiongezeki hata kidogo, unajiongezea kazi tu siku ya kuhamisha ofisi.

Fikiria gesti, wageni wanapewa chumba chochote kilicho wazi na wakiondoka anapewa mwingine, lakini chumba cha mlinzi na stoo havimo kwenye ufunguo wa mapokezi hata siku gesti imejaa. DHCP ndo mapokezi. Unachofanya ni kuitoa baadhi ya vyumba mikononi mwake.

Mgawanyo ambao mimi naupenda kwenye /24 ni huu, ubadilishe upendavyo:

192.168.10.1 rauta
.2 mpaka .9 swichi na akses pointi
.10 mpaka .19 seva
.20 mpaka .29 printa
.30 mpaka .59 kamera na rekoda
.60 mpaka .99 akiba
.100 mpaka .220 DHCP

Faida yake ukiona 192.168.10.34 imeleta shida unajua ni kamera kabla hata hujainuka kwenye kiti.

Sasa ingia kwenye rauta (andika ile getiwei kwenye brauza) tafuta sehemu ya DHCP, utakuta namba ya kuanzia na ya kumalizia. Hapo ndo penye kazi yenyewe. Rauta nyingi zinakuja zimefungua karibu sabneti nzima, rauta ya MikroTik kwa mfano ikiwa na seti za kiwandani inagawa 192.168.88.10 mpaka 192.168.88.254, imebakiza chache tu za mwanzo. Badilisha ianzie 100 iishie 220, sevu. Kwenye MikroTik kwa terminali ni:

/ip pool print
/ip pool set 0 ranges=192.168.10.100-192.168.10.220

Hiyo 0 ni namba ya fungu uliloliona kwenye print, angalia kwanza usije ukabadilisha fungu la wageni. Alafu kumbuka vifaa vilivyoshapewa namba za chini vitaendelea nazo mpaka muda wake uishe, kwaiyo kama hutaki kusubiri vizime uviwashe, au zima waifai na uiwashe tena.

Daftari sasa. Iwe Eksel, iwe kaunta buku, muhimu iwepo: jina la kifaa, IP, namba ya MAC (namba ya kadi ya neti ya kifaa chenyewe), kilipo, tarehe. Na ubandike kistika kwenye printa yenyewe chenye IP yake. Fundi atakayekuja baada yako atakuombea.

Njia mbili za kumpa mtu namba

Ya kwanza unaiacha mashine kwenye DHCP kama ilivyo ila unaiambia rauta kwamba ukiona MAC hii mpe IP hii siku zote. Ya pili unaiandika IP ndani ya mashine yenyewe. Mimi kwa printa na kompyuta naipenda ya kwanza, kila kitu kinakaa sehemu moja, siku mnabadilisha sabneti unabadilisha kwenye rauta tu huzunguki meza kwa meza. Kwenye MikroTik hata haichoshi, unaangalia waliopewa, unamfanya awe wa kudumu, unampa namba unayoitaka:

/ip dhcp-server lease print
/ip dhcp-server lease make-static 3
/ip dhcp-server lease set 3 address=192.168.10.21

Kwenye rauta nyingine ni kubofya tu, kuna sehemu ya kuhifadhi IP, unaandika MAC na namba basi.

Angalizo mbili. Simu za siku hizi, Android kuanzia ya 10 na iPhone kuanzia iOS 14, kwa kawaida zinatumia MAC ya kujitungia kwenye waifai, kwaiyo ukimhifadhia bosi IP kwa MAC aliyoiona chini ya betri au kwenye boksi haitashika. Ya pili ni kwamba printa ina MAC mbili, ya waya na ya waifai, ukihifadhi ya waifai alafu dogo akaja kuchomeka waya, hiyo kwa rauta ni mtu mwingine kabisa.

Njia ya pili haikwepeki kwa seva, swichi, akses pointi na rauta zenyewe, hivo vinatakiwa viwe na namba yake hata kama DHCP imekufa.

Windows

Kwa haraka bonyeza kitufe cha Windows na R, andika ncpa.cpl, itafungua kadi zako za neti. Bofya kulia kwenye ya waya, ingia Properties, chagua mstari wa IPv4, tena Properties, kisha jaza IP, maski, getiwei na DNS. Ukipitia Settings ya Windows 10 kuna sehemu inawakwamisha wengi, inauliza urefu wa prifiksi badala ya maski, hapo unaandika 24 sio 255.255.255.0, ukiandika maski inagoma kusevu na haikwambii vizuri kwa nini.

Kama unazo mashine kumi na huna muda wa kubofya, CMD kama adimini:

netsh interface ip set address name="Ethernet" static 192.168.10.12 255.255.255.0 192.168.10.1
netsh interface ip set dns name="Ethernet" static 192.168.10.1

Jina "Ethernet" linaweza kuwa tofauti kwako, angalia kwenye ipconfig. Kuirudisha kama mwanzo:

netsh interface ip set address name="Ethernet" dhcp
netsh interface ip set dns name="Ethernet" dhcp

Huo mstari wa pili watu wanausahau, IP inarudi DHCP lakini DNS inabaki ile ya zamani, alafu unasikia "neti ipo ila saiti hazifunguki".

Ubuntu

Kama ni seva unakwenda kwenye /etc/netplan/, unatengeneza faili lako mfano 99-ofisi.yaml:

network:
  version: 2
  ethernets:
    enp3s0:
      dhcp4: false
      addresses:
        - 192.168.10.10/24
      routes:
        - to: default
          via: 192.168.10.1
      nameservers:
        addresses: [192.168.10.1, 8.8.8.8]

Jina la kadi (enp3s0 hapo) utalipata kwa ip a. Nafasi za mwanzo wa mistari weka kwa spesi, ukiweka tabu inakataa. Maelekezo ya zamani utakuta yanasema gateway4, hiyo imepitwa, tumia routes kama hapo juu. Ukimaliza usikimbilie apply, andika sudo netplan try, hiyo inajaribu na usipothibitisha ndani ya sekunde 120 inarudisha seti za zamani yenyewe. Kama uko Moshi na seva iko Arusha hizo sekunde 120 zinakuokolea nauli ya Kosta.

Printa na kamera

Printa unaingia menyu yake ya neti, unatoa otomatiki unaweka manyuo, unajaza. Kisha, na hili ndo linasahaulika, nenda kwenye kompyuta uangalie poti ya printa inaelekea IP ipi, kama bado inaelekea ile ya zamani hujafanya kitu.

Kamera zina vituko vyake. Za Hikvision kwa kawaida zinatoka kiwandani zote na 192.168.1.64, sasa ukifungua maboksi sita ukazichomeka zote kwa pamoja kwenye swichi, sita zina namba moja. Chomeka moja moja, au tumia programu yao ya SADP inayoziona hata kama haziko sabneti yako, weka paswedi, badilisha IP, andika kwenye daftari, nenda ya pili.

Namba hii iko wazi kweli?

Kabla hujampa mtu namba jaribu kuipingi (kuiita uone kama inajibu):

ping 192.168.10.21

Ikijibu kuna mtu. Isipojibu usishangilie bado, maana kompyuta nyingi za Windows zimezuia pingi kwa fayawoli. Baada ya pingi andika arp -a utafute namba ile kwenye orodha ya IP na MAC itakayotoka, kama mbele yake kuna MAC basi kuna mashine hai inaitumia, imenyamaza tu. Hii inachukua sekunde kumi na inakuepusha na ule ujumbe wa IP kugongana ambao Windows inauleta pembeni kwa chini na watu wote wanauzima bila kusoma.

Maski ndo inayoua kimya kimya

Ofisi ikikua mtu anaanza kukata sabneti, wageni huku, wafanyakazi kule, kamera kwake. Vizuri sana, ila kumbuka hesabu: /25 (255.255.255.128) ina 126, /26 (255.255.255.192) ina 62, /27 (255.255.255.224) ina 30, /28 (255.255.255.240) ina 14. Na mipaka haianzii popote unapotaka. Kwa /26 vipande ni .0, .64, .128 na .192, kwaiyo anayeishi kipande cha 64 anatumia .65 mpaka .126, na .127 haiguswi. Ukimpa mashine 192.168.10.130 kwa maski ya /26 alafu getiwei 192.168.10.65, wapo vipande viwili tofauti, Windows itakuonya kabisa kwamba getiwei haiko sehemu moja na IP, na watu wanabonyeza ndiyo wanaendelea.

Mbaya zaidi ni pale IP iko sawa na maski imekosewa kwenye mashine moja tu. Laptopu ni 192.168.10.40 maski 255.255.255.0, printa ni 192.168.10.200 lakini mtu kaiandikia 255.255.255.128. Laptopu inaona printa ni jirani, inamtumia moja kwa moja. Printa inapokea, inataka kujibu, inahesabu kwa maski yake inaona huyu wa 40 yuko mbali, inatafuta getiwei ya .1 nayo iko mbali vile vile, basi inanyamaza. Ukicheki arp mara nyingi MAC ya printa unaiona kabisa, pingi hakuna. Ukikutana na hali hiyo, MAC ipo na jibu hakuna, kabla hujanunua waya mpya nenda kasome maski pande zote mbili.

Rauta ya akiba

Ofisi nyingi za Arusha na Moshi zina faiba na pembeni kuna kirauta cha laini ya simu cha kuokoa jahazi faiba ikizingua. Faiba ikikata mtu anachomoa waya wa swichi anauhamishia kwenye kirauta, simu na laptopu zinapata intaneti, mashine za statiki zote zinabaki gizani. Sababu ni kwamba kirauta kina getiwei yake, tuseme 192.168.8.1, na mashine zako zimeandikiwa 192.168.10.1 ambaye hayupo tena. Hapa ndo watu wanapochukia statiki.

Suluhisho zuri ni kuwa na rauta yenu wenyewe katikati, hata MikroTik ndogo, faiba inaingia poti moja na kirauta poti nyingine, ndani kote panabaki 192.168.10.x na .1 haibadiliki hata mkibadilisha kampuni ya intaneti kila mwezi. Kama hela ya hiyo haijapatikana, ingia kwenye kirauta cha akiba ukibadilishe IP yake ya LAN (upande wa ndani) iwe 192.168.10.1 na DHCP yake iwe .100 mpaka .220 kama kile kikubwa, ila hivi viwili visiwe kwenye swichi moja kwa wakati mmoja hata kwa dakika.

Na yule anayeleta rauta ya zamani kutoka nyumbani ili waifai ifike mpaka jikoni, mpe masharti matatu: izimwe DHCP, ipewe IP ya statiki kwenye fungu lenu (mfano 192.168.10.5), na waya uingie kwenye poti ya LAN sio ile ya WAN (ya upande wa nje). Akikosa la kwanza mtakuwa na wagawaji wawili, na nusu ya ofisi itapewa namba za mtaa usiojulikana.

Wanaouliza kama statiki hii inatosha kuangalia kamera ukiwa Dodoma, hapana, hizi ni za ndani tu. Ile ya nje unaomba kwa kampuni inayokupa intaneti, na laini nyingi za simu hazikupi kabisa IP yako peke yako, mnashea wengi nyuma ya moja, ukiona rauta yako upande wa nje ina namba kati ya 100.64 na 100.127 ndo ujue uko humo. Kwa kamera tumia VPN au huduma ya mtandaoni ya kamera yenyewe.

Ukishamaliza kila kitu jaribu kwa ukatili, zima swichi kubwa ya umeme ya ukutani, subiri dakika mbili, washa, na kabla hujagusa mashine yoyote tuma ukurasa mmoja kwenye kila printa na ufungue kila kamera kwenye rekoda. Chochote kisichorudi chenyewe hapo, fungua daftari ulinganishe MAC.